Mchezo Uliokataa Kushuka Jukwaani

Mchezo wa muziki wa zamani unaporudishwa jukwaani, waliotoa fedha huuliza utadumu muda gani, na wakosoaji hulijibu swali hilo kwa kupima utamu wa nyimbo na ukubwa wa jina la mwigizaji mkuu. Makala hii, inayohusu michezo iliyofufuliwa, ina msimamo tofauti: umri wa mchezo wa aina hiyo huamuliwa na gharama zake za kila wiki, pamoja na wepesi wa kuziba pengo la mwigizaji anayeondoka.

Shahidi wetu mkuu ni Chicago, mchezo wa John Kander, Fred Ebb na Bob Fosse. Ulipofunguliwa Broadway, New York, mwaka 1975, ulionyeshwa mara 936. Ni idadi ya heshima, lakini katika Tuzo za Tony za 1976 uliteuliwa mara 11 na kutoka mikono mitupu, huku mchezo wa A Chorus Line ukitamba. Kejeli ya Chicago juu ya wauaji wanaogeuzwa nyota na magazeti haikuwakolea wengi.

Mei 1996 mchezo huo ulichukuliwa na Encores!, mradi wa ukumbi wa City Center unaorudisha michezo ya zamani kwa siku chache tu. Mwaka mmoja kabla, Wamarekani walikuwa wameitazama kesi ya mauaji iliyomkabili mwanamichezo maarufu O.J. Simpson kwenye televisheni kama tamthilia, na kejeli ile ile sasa ikawachoma. Novemba 14 Chicago ikaingia tena Broadway, katika jengo lile lile ilimozaliwa, ambalo sasa liliitwa Richard Rodgers.

Majira mazuri yaliufungua mlango. Kilichouacha wazi hadi leo ni uchache wa vitu jukwaani. Kwa kuwa onyesho la City Center lilikuwa la siku chache, bendi ilikaa palepale jukwaani, waigizaji wakavaa nyeusi, mandhari yakawa karibu hayapo. Watayarishaji Barry na Fran Weissler walipoupeleka Broadway hawakuurundikia mapambo. Mchezo usio na mitambo mizito wala maleba ya kifahari huhimili wiki ambayo nusu ya viti ni vitupu.

La pili ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Nafasi za mshtakiwa wa mauaji Roxie Hart na wakili wake Billy Flynn hupewa watu maarufu kwa majuma machache: Usher mwaka 2006, Pamela Anderson mwaka 2022. Akiondoka mmoja, mwingine huingia na tiketi hupata habari mpya ya kuziuza. Tazama upande wa pili: mchezo wa Hello, Dolly! ulirudi 2017 ukiwa umeegemea jina la Bette Midler. Alipotoka Januari 2018 mapato yalishuka, ingawa aliyempokea alikuwa Bernadette Peters, gwiji wa Broadway. Midler akarudi kuufunga, na Agosti mwaka huo ukaisha.

Kudumu, hata hivyo, si ubora. Broadway ina kumbi 41 tu, na Chicago imeukalia ukumbi wa Ambassador tangu 2003. Kila mwaka unaoongezwa ni mwaka ambao mwandishi mwingine anasubiri nje. Tena watazamaji wake wengi sasa ni watalii, ambao baadhi yao huijua zaidi filamu ya Chicago ya 2002 kuliko kesi yoyote ya mauaji. Mchezo uliorudi kwa sababu ulikuwa na la kuuambia wakati wake, leo unaishi kwa sababu unajimudu.

Hata hivyo, kujimudu ni somo tunalolihitaji hata sisi Afrika Mashariki. Mei 2022 Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu iliyopigwa marufuku 1977, ilirudi katika Ukumbi wa Taifa wa Kenya. Majira yalikuwa mazuri na kiu ya watazamaji ilikuwepo. Anayefufua kazi kubwa ya namna hiyo na kutaka ivuke msimu mmoja, aanze na hesabu kabla ya mazoezi: wiki yenye watu wachache italipwa na nini, na nani anajifunza nafasi ya mwigizaji mkuu tangu siku ya kwanza? Asiye na majibu hayo atangaze maonyesho machache na ayafanye vizuri. Hiyo nayo ni kazi kamili, na haina deni.