Tusiwaambie watoto "bloke"

Katika kitivo chetu tumezoea kujadili maneno ya kukopa kana kwamba ni suala la heshima tu: nani anapenda Kifaransa, nani anatetea Kiswahili. Mimi naona kuna mahali ambapo suala hilo linapimwa kwa njia rahisi zaidi, napo ni pale neno linapotumika kumfundisha mtu kufanya jambo kwa mwili wake. Hapo neno halibaki kuwa jina tu. Mwili unalitii.

Mfano wangu ni tenisi ya meza, ambayo hapa Bungulu wengi tunaiita ping-pong. Kuna pigo linalowashinda wengi wanaoanza: kuzuia mashambulizi na kuyajibu kwa upande wa mgongo wa kiganja, upande ambao makocha huuita "reveri". Nimekuwa nikiwasaidia watoto wa mtaa katika mchezo huu baada ya masomo, na maoni yangu ni haya: sehemu kubwa ya makosa yao katika pigo hili inatoka kwenye maneno tunayowapa, si kwenye mikono yao.

Tuanze na "bloke". Katika Kiswahili chetu cha Beni na Butembo neno hili lina maana ambayo kila mtoto anaijua. Barabara imebloke: hakuna gari linalopita. Simu imebloke: haifanyi kitu. Dosye imebloke ofisini: haisogei. Basi mtoto akiambiwa "bloke mpira!", anafanya kile neno linachosema. Anakaza mkono wote, anabana mpini wa raketi na kuisukuma mbele kama mtu anayefunga mlango. Mpira unaruka juu na kuangukia nje ya meza. Halafu anauliza: "Yaya, si nimebloke? Mbona umetoka?" Kwa Kiswahili anachokijua, amebloke kweli.

Kinachotakiwa ni karibu kinyume cha hayo. Mshambuliaji huusugua mpira kutoka chini kwenda juu na mbele, nao unakuja ukizunguka kwa kasi. Ukigusa raba ya raketi, mzunguko huo unaufanya upande juu. Raketi iliyosimama wima inaurusha hewani, na nguvu ya kusukuma inaupeleka mbali zaidi. Kwa hiyo raketi lazima iinamishwe mbele kidogo, vidole vilegee, na mpira uguswe mapema, mara tu baada ya kudunda, ukiwa bado unapanda. Magoti yamekunjwa, kiwiko kiko mbele kidogo ya mwili, raketi iko mbele ya tumbo. Hakuna kuivuta nyuma kwanza, kwa sababu muda haupo: meza ina urefu wa mita 2.74 tu. Nguvu tayari imo ndani ya mpira. Mchezaji anaitumia ile ile.

Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo: kupokea. Mama akitoka sokoni na mzigo kichwani, mtoto anamwambia, "Nikupokee." Hakuna anayepokea mzigo kwa mikono iliyokakamaa. Mikono inaufuata uzito, inalegea kidogo, kisha inaushika. Nilipoacha kusema "bloke" na kuanza kusema "pokea", jambo la kwanza nililoliona lilikuwa vidole: havikubana mpini tena. Sikuhitaji kueleza habari za misuli.

Tatizo kama hilo liko katika "funga raketi", ambayo ni tafsiri ya moja kwa moja ya Kifaransa. Mtoto akisikia "funga", anakaza ngumi. Ukimwambia "inamisha", anaielekeza raketi chini bila kuuliza swali.

Kisha kuna "kontratake". Watoto wetu wanaijua kutoka kwenye soka, ambako ni kunyang'anya mpira na kukimbia nao hadi lango la pili. Kwa hiyo mezani wanarusha mkono wote kutoka begani, wanapitwa na mpira, au wanaupiga lakini wanachelewa kurudi kwenye nafasi yao. Katika reveri shambulizi la kujibu ni fupi. Kigasha kinafunguka mbele kutoka kwenye kiwiko, mpira unaguswa ukiwa karibu na kilele cha mdundo wake, na raketi inarudi mbele ya tumbo mara moja. Mimi nasema "jibu". Anayejibu amekwisha kusikia aliyoambiwa: mpira umekuja na kasi gani, unazunguka vipi, umetua wapi. Asiyesikiliza hajibu, anapiga kelele tu.

Vitenzi hivi viwili vinatoa pia mpangilio wa mazoezi. Kwanza mwenzako anashambulia kona moja tu, nawe unapokea hadi mipira 10 mfululizo irudi mezani. Kisha unapokea miwili na kuujibu wa tatu. Mwisho mwenzako anabadilisha kona bila kukuambia, nawe unaamua mwenyewe: huu napokea, huu najibu. Nani atadhani kuzuia ni kazi ya mnyonge? Jan-Ove Waldner wa Sweden, bingwa wa dunia mwaka 1989 na 1997 na bingwa wa Olimpiki mwaka 1992, alisifika kwa kuzuia huko. Alikuwa akibadilisha kasi na mahali pa kuutua mpira mpaka mshambuliaji mwenyewe akapoteza utulivu.

Najua hoja itakayoletwa na baadhi ya walimu wetu. Kijana atakayecheza Goma au Kinshasa atakutana na waamuzi na makocha wanaosema Kifaransa. Ni kweli, na sitaki asijue "reveri" wala "raketi". Majina ya vitu na ajifunze yalivyo. Ninachotetea ni vitenzi, yaani maneno ya kuamuru mwili. Hayo yatoke katika lugha ambayo mtoto anabebea maji na kusalimia wakubwa. Akishalijua pigo, jina lake la Kifaransa atalijifunza kwa siku moja.

Kiswahili cha soka kimeshapita njia hiyo. Kimekopa "goli", "kipa" na "penalti" bila aibu, lakini kwa mchezaji anayemsubiri mpira nyuma ya mabeki kikasema "kuotea". Neno hilo moja linaeleza kosa lenyewe: amevizia. Hakuna mtoto anayehitaji kamusi ili aelewe kwa nini bao limekataliwa.

Kwa nini haya yawe na uzito hapa kwetu? Kwa sababu meza ni chache na muda ni mfupi. Katika mji huu, tangu mauaji ya mwaka 2014, mzazi anataka mtoto awe ndani kabla ya giza. Kwenye meza yetu watoto wanapanga foleni, na kila mmoja anapata mipira michache kabla ya kurudi nyuma. Dakika tatu zikiliwa na neno lisiloeleweka, siku yake imekwisha. Neno linaloeleweka linamfaa hata aliye kwenye foleni, maana anaweza kumtazama mwenzake na kusema, "Huo ulikuwa wa kupokea."

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa na kuipa serikali wajibu wa kuziendeleza. Sisi wa kitivo cha lugha tunaweza kuanza na kazi ndogo kuliko sheria. Twende kwenye meza za Bungulu, Butembo na kwingineko na daftari, tusikilize watoto wanavyoelekezana wenyewe, tuandike vitenzi vyao, kisha tuvijaribu pamoja na makocha. Kitenzi kitakachorudisha mpira mezani ndicho tukiingize katika orodha. Kisichorudisha, hata kiwe kizuri namna gani kwenye karatasi, tukiache.