Vipuri vya Migodi Geita na Shinyanga: Ujuzi wa Kuchapa kwa Matabaka Waweza Kuwa Jibu

Pampu inapoharibika katika duara la mchimbaji mdogo, maji hujaa na kazi husimama. Mara nyingi kinachohitajika si pampu mpya, bali gurudumu moja lenye mapanga linalosukuma maji. Kipuri hicho kikiagizwa kutoka mbali, hasara ya siku za kusubiri yaweza kuzidi bei yake.

Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zinawataka wamiliki wa leseni kutoa kipaumbele kwa bidhaa na huduma zinazopatikana nchini. Hata hivyo, kipaumbele hicho hakiwezi kumnufaisha fundi wa Kahama au Geita asiyeweza kutengeneza kipuri kwa vipimo sahihi.

Hapo ndipo uchapishaji wa 3D unapohusika. Fundi hupima kipuri kilichovunjika na kuchora umbo lake kwenye kompyuta, kisha programu hulikata umbo hilo kuwa matabaka membamba, mithili ya mkate uliokatwa vipande. Printa huyajenga matabaka hayo, moja juu ya jingine, kwa plastiki iliyoyeyushwa. Kipuri chenye kimo cha milimita 60, kikikatwa kwa unene wa milimita 0.2, huwa na matabaka 300. Kwa milimita 0.1 huwa na 600. Uso wake huwa laini zaidi, lakini muda wa kuchapa hukaribia kuongezeka maradufu.

Ikumbukwe kuwa plastiki hiyo haichukui nafasi ya chuma. Hutumika kama kielelezo cha kutengenezea kalibu ya mchanga, ambamo chuma kilichoyeyushwa humiminwa. Kwa kuwa chuma hicho husinyaa kwa takriban asilimia 1 kinapopoa, mchoro hukuzwa kwanza. Kosa likigunduliwa kwenye plastiki, hurekebishwa kwa gharama ndogo. Likigunduliwa kwenye chuma, kazi huanza upya.

Kwa mantiki hiyo, kununua printa pekee hakutoshi. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, pamoja na vyuo vya VETA, vina nafasi ya kuunganisha uchoraji wa kompyuta na karakana za kusubu chuma. Mgodi wa Buzwagi wilayani Kahama, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, tayari umefungwa. Ujuzi wa kutengeneza vipuri, ukijengwa sasa, utabaki kwa wananchi hata baada ya dhahabu kwisha.