Kifaranga Mgonjwa na Wajibu wa Kijiji

Katika vijiji vya Wilaya ya Kilosa, kuanzia Rudewa na Kimamba palipo na mashamba ya zamani ya mkonge, hadi Mikumi inapopita barabara kuu iendayo Iringa, hakuna mali iliyo karibu na mkono wa mama wa nyumbani kuliko kuku. Ng'ombe ana mwenyewe, shamba lina baba, lakini kuku ni wa mama. Kwa kuku hununuliwa daftari la mtoto na chumvi ya jikoni, na kwa kuku hupatikana nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane. Kwa hiyo kifaranga anapojikunyata pembeni mwa ua, mabawa yameshuka na macho yamefumba, wenye ofisi wasilione hilo kuwa jambo dogo. Ni riziki ya nyumba nzima inayotikisika.

Msomaji wa visiwani huenda akauliza, Kilosa inatuhusu nini? Inatuhusu sana, na tutafika huko. Kwanza yafaa tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Wenzetu wa bara huuita mdondo, na wengi wetu wa pwani tumezoea kuuita kideri. Ulijulikana mwaka 1926, ulipoua kuku karibu na mji wa Newcastle huko Uingereza, na mwaka huo huo ukaonekana katika kisiwa cha Java. Huletwa na kirusi, na hauna dawa. Ukiingia katika kundi la kuku wasiochanjwa unaweza kuua karibu wote kwa siku chache. Huku kwetu hupenda kuzuka katika miezi ya kiangazi, kabla mvua za vuli hazijashika.

Hata hivyo, si kila kifaranga anayesinzia ana kideri, na hapa ndipo ujuzi wa nyumbani una thamani yake. Mama mfugaji atazame kinyesi kwanza. Kifaranga wa wiki ya kwanza au ya pili mwenye uharo mweupe ulioganda nyuma, mara nyingi ana maradhi ya bakteria aliyoyapata tangu ndani ya yai. Yule wa wiki tatu hadi nane anayehara damu, hasa baada ya mvua ndefu na banda likiwa limelowana, ana ugonjwa wa kuhara damu. Huo hutibika kwa dawa yake, inayochanganywa katika maji na kuuzwa katika maduka ya dawa za mifugo, mradi banda likaushwe na matandiko yabadilishwe. Vipele vyenye magamba kwenye upanga na kando ya macho ni ndui, ambayo mbu ni mmoja wa wanaoisambaza. Lakini uharo wa kijani, kukoroma, kupooza miguu, shingo kujipinda hadi kichwa kikatazama mgongoni, tena kuku wakubwa na wadogo wakifa pamoja, hapo usidanganyike. Hicho ni kideri, na kama si kideri basi ni jambo zito zaidi, kwa kuwa mafua makali ya ndege nayo huua kwa ghafla namna hiyo hiyo.

Na vifaranga wengine hawana maradhi yoyote isipokuwa baridi. Katika wiki ya kwanza kifaranga anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Wakirundikana na kulia, wanaona baridi, na wakitawanyika huku wakihema, joto limezidi. Chungu cha makaa kilichofunikwa vizuri, mahali penye hewa na pasipo moshi, kimeokoa vifaranga wengi kuliko vidonge vingi.

Tunasema vidonge kwa makusudi. Imekuwa desturi, bara na visiwani, kifaranga akisinzia tu, kuvunjiwa kidonge cha rangi mbili cha binadamu ndani ya maji ya kunywa. Haifai hata kidogo. Dawa za aina hiyo hupambana na bakteria, na kirusi cha kideri hakisikii habari zake. Fedha ya mama hupotea, masalia ya dawa hubaki katika yai na nyama wanazokula watoto, na vijidudu vingine hujifunza kuishi na dawa, hata ikifika siku ya mtoto kuugua, kidonge kile kile hakimsaidii. Shubiri na pilipili katika maji hatuzidharau, maana wazee walizitumia kwa nia njema wakati hapakuwa na kingine. Lakini hakuna shubiri iliyowahi kukizuia kideri kilichokwisha kuingia kijijini.

Kinachokizuia ni chanjo, na chanjo inayotufaa ipo. Aina iitwayo I-2, ambayo mbegu yake ilitayarishwa Australia kwa ajili ya vijiji vya nchi kama zetu, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Hapa nchini imewahi kutengenezwa katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam. Ni tone moja tu katika jicho la kuku, na mwanakijiji aliyefundishwa vizuri anaweza kuitoa. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Lakini kichupa kimoja ni cha kuku wengi, na nyumba moja ina kuku kumi. Kikishachanganywa hakiwekwi. Mama mmoja peke yake hawezi kukinunua na kukimaliza, na hata akiweza, kuku wa jirani wasiochanjwa watabaki kuwa makao ya ugonjwa. Kwa hiyo tiba ya kifaranga wake haimo nyumbani mwake. Imo katika kitongoji kizima kukubaliana siku moja, alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa na wale wanaolala mitini hawajashuka.

Mwezi Juni 2025 ilizinduliwa huko Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo ya miaka mitano, na kuku wa asili wakapangiwa kuchanjwa bila malipo. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini tuwaambie ukweli watendaji wetu: kampeni ikipita mara moja kwa mwaka, vifaranga walioanguliwa mwezi uliofuata hawana kinga ya kudumu, na takwimu nzuri zilizopelekwa wilayani hazitawafufua. Mkoa wa Morogoro una Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na Kilosa yenyewe ina kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga. Elimu haikukosekana. Kinachotakiwa ni kila serikali ya kijiji kuwa na tarehe nne za chanjo kwa mwaka, zimebandikwa ukutani, na jina la mtu atakayeulizwa zikipita bure.

Sasa turudi visiwani. Kuku wanapoanza kufa, mwenye nyumba hukimbilia kisu ili asipate kibudu, na wale wanaosimama bado hutiwa katika tenga na kupelekwa barabarani. Sheria ya kuchinja ameitimiza, lakini manyoya na matumbo yaliyotupwa jaani yameshaanza safari kwa miguu ya mbwa na viatu vya wapita njia. Na tenga lililofungwa Mikumi asubuhi laweza kuwa Dar es Salaam jioni, na kutoka hapo bandarini si mbali. Kirusi huweza kukaa katika mwili wa kuku hadi siku 15 kabla ya dalili kuonekana, na bata huweza kukibeba bila kuonekana mgonjwa.

Mifugo si jambo la Muungano, kila upande una wizara yake, lakini kideri hakiulizi. Mpokeaji wa kuku wa bara awatenge kwa zaidi ya wiki mbili kabla ya kuwachanganya na wake. Sheha apewe taarifa kuku wakifa kwa wingi, naye amwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Mizoga izikwe, isitupwe baharini wala jaani. Na wakaguzi wa bandari zote mbili, Dar es Salaam na Malindi, wawe wanafungua matenga na kutazama waliomo, badala ya kutazama karatasi peke yake.