Nani kasema mawe ni ya wavulana?

Msomaji mpenzi, ukisimama pale juu ya mteremko wa kushukia Naivasha, ukaliangalia Bonde la Ufa lilivyotandaa chini yako, huenda usijue kwamba bonde hilo lina ndugu yake aliyejificha chini ya bahari. Aliyemgundua ndugu huyo ni mwanamke, tena mwanamke aliyekatazwa kupanda meli ya utafiti.

Jina lake ni Marie Tharp, mzaliwa wa Marekani mwaka wa 1920. Nafasi ya kusomea jiolojia, yaani elimu ya mawe na ardhi, ilimjia kwa sababu ya Vita Vikuu vya Pili. Wavulana walikwenda vitani, madarasa ya Chuo Kikuu cha Michigan yakabaki na nafasi, ndipo wasichana wakafunguliwa mlango. Lakini alipoajiriwa na kampuni ya mafuta, wanawake hawakuruhusiwa kwenda nyanjani. Kazi yao ilikuwa ni makaratasi ya ofisini.

Mwaka wa 1948 alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wanaume, akiwemo mwenzake Bruce Heezen, ndio waliosafiri baharini kupima kina cha maji kwa mwangwi wa sauti. Marie alibaki nchi kavu akigeuza maelfu ya vipimo hivyo kuwa michoro.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliona jambo la ajabu. Katikati ya safu ya milima iliyo chini ya Bahari ya Atlantiki palikuwa na bonde refu, mfano wa ufa. Alipomweleza Heezen, huyu alipuuza na kusema hayo ni maneno ya wasichana tu. Unajua kwa nini? Bonde hilo lilimaanisha kwamba ardhi inapasuka na mabara yanasogea, na wakati huo wanasayansi wengi walilicheka wazo hilo.

Marie hakupiga kelele. Alirudi mezani akachora upya. Mwenzao mwingine, Howard Foster, alikuwa akitia alama mahali palipotokea mitetemeko ya ardhi baharini. Michoro hiyo ilipolinganishwa, mitetemeko ilikuwa imejipanga ndani ya bonde la Marie! Hata katika Bonde la Ufa letu la Afrika Mashariki mitetemeko hufuata ufa vivyo hivyo. Heezen akakubali. Hata hivyo, makala ya kisayansi ya mwaka wa 1956 kuhusu ufa huo ilitoka bila jina la Marie. Ilipofika mwaka wa 1997, Maktaba ya Bunge la Marekani ilimtaja miongoni mwa wachoraji ramani wanne bora wa karne ya 20. Alifariki mwaka wa 2006.

Sasa nakuuliza wewe mzazi: binti yako akikuambia anataka kusomea jiolojia, utamjibu nini? Wengine husema, "Mwanamke atalalaje porini na wanaume?" Wengine humwelekeza kwenye kazi ya ofisini kabla hajafungua hata kitabu. Maneno hayo ndiyo meli ya Marie. Hayamo katika mtihani wowote, lakini yanatosha kumbakisha mtoto ufuoni.

Nasi Wakenya tuna hasara kubwa zaidi tukifanya hivyo, kwa maana tunaishi juu ya ufa wenyewe. Mvuke wa Olkaria unatupa umeme tangu mwaka wa 1981. Visima vyahitaji wa kuvichunguza, na maporomoko ya ardhi hayachagui nyumba ya mwanamume wala ya mwanamke. Tukitumia nusu tu ya vichwa tulivyo navyo, tutajilaumu wenyewe.

Mwalimu, unapopeleka darasa ziara ya Hell's Gate, mpe msichana nyundo na ramani, usimwachie kugawa soda tu. Mwajiri, kambi ya nyanjani iwe na choo na hema la wanawake, halafu uone kama hawatakuja. Nawe msichana, ukiambiwa hayo ni maneno ya wasichana, rudi kwenye vipimo vyako uhakikishe. Ukiona ni sahihi, usivifute.

Tukutane Jumapili ijayo.