Mwenye Jembe na Awe na Hati

Matanga yakishaanuliwa, katika vijiji vingi vya Buhaya, mkoani Kagera, wazee wa ukoo huketi kivulini kugawa alichoacha marehemu. Kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ndicho hutajwa kwanza. Watatajwa wana wa kiume, watatajwa ndugu wa marehemu, atatajwa hata mtoto wa kaka yake aliyeko mjini, asiyeweza kutofautisha mgomba wa ndizi za kupika na wa ndizi za pombe. Mjane yuko nyuma ya nyumba, anaosha masufuria ya waombolezaji. Miaka thelathini amekipalilia kibanja hicho, na hakuna anayemwita.

Nataka leo tulitazame neno hili tunalolisema kwa fahari: ardhi ya ukoo. Aliyezaliwa Kagera anaijua rweya, ule uwanda wa majani unaozunguka vijiji vyetu. Udongo wake ni hafifu, kwa kuwa mvua nyingi huuosha rutuba yake. Ukivuka hatua chache ukaingia kibanjani, unakuta udongo mweusi, laini, unaobeba migomba, kahawa na maharage kwa pamoja. Je, weusi ule ulishuka kutoka mbinguni? Haukushuka. Uliletwa na majani yaliyokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, na samadi ya ng'ombe, na maganda ya ndizi, na majivu ya jikoni, siku baada ya siku, kizazi baada ya kizazi. Na aliyebeba majivu ni nani? Aliyemwaga maganda shinani mwa mgomba kila jioni ni nani? Babu zetu walituachia mipaka, na kwa hilo tunawashukuru. Rutuba iliyomo ndani ya mipaka hiyo, sehemu yake kubwa, imewekwa na wake waliotoka koo nyingine. Kibanja tunachokiita cha ukoo kimetengenezwa na wageni wa ukoo, kisha tunawaambia wageni hao kwamba hawana neno katika mali hiyo.

Wala kazi ya mwanamke haiishii kibanjani. Huko huko rweya ndiko anakolima omusiri, kishamba chake cha karanga na njugu mawe, katika udongo ule ule mnyonge, maana ndiko alikoachiwa. Kahawa ni ya mume. Mke ataichuma, ataianika, ataianua mvua ikinyemelea, lakini siku ya malipo jina linaloitwa kwenye chama cha msingi cha ushirika ni la mwenye kibanja. Na yako mabaya zaidi: butura. Mume anauza kahawa ingali maua kwa mlanguzi, kwa bei ya kutupa, na mwanamke anaendelea kupalilia mibuni ambayo mavuno yake yamekwisha kunywewa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu wetu anachumia juani, na juani anaachwa.

Hayo hayakufichika kwa viongozi wetu wa kwanza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini wakati mwingine hufanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, wakati wanaume wa vijijini hupumzika nusu ya maisha yao. Tuliliimba Azimio, tukaliandamania, na tukairuka aya hiyo.

Mahakama nayo imesema. Bibi mmoja wa Kagera alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza. Mtoto wa ndugu yake akaenda kortini kutaka mauzo yabatilishwe, kwa sababu mila ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya namna hiyo katika uhai wake tu, si kuiuza. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Bibi akashinda. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ikatamka kuwa mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu, na kwamba katika wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, watatu wasipungue wawe wanawake.

Sheria tunayo, basi. Lakini sheria haiji msibani. Msibani huja wazee.

Najua mtakalonijibu, wazee wangu: ukimpa binti, ardhi itakwenda kwa mashemeji; ukimpa mjane, ataolewa tena. Hofu hiyo siidharau, kwa kuwa makaburi ya baba zetu yamo humo vibanjani. Lakini tuhesabu kwa haki. Vibanja vilivyouzwa ili kulipa madeni ya pombe viliuzwa na mabinti? Wajane wangapi mnaowajua walioyafukia makaburi ya waume zao? Mimi nimewaona wakiyapalilia.

Na tazameni hasara ya kumnyima mwanamke kauli kwa chakula chetu. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, dawa ya kunyunyiza haikuwapo, na mpaka leo haipo. Kinga ni kazi ya mikono: kukata ua dume kwa mti wenye panda, kuchoma panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, kung'oa shina linaloumwa. Anayeuona mgomba ukianza kunyauka ni yule anayeshinda kibanjani. Lakini bwana shamba akija humuuliza mwenye mali, na kung'oa mgomba ni uamuzi wa mwenye mali. Akiwa safarini, mke anangoja, na ugonjwa haungoji.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye kibanja, kabla kahawa ya msimu huu haijaiva, nenda na mkeo kwa mtendaji wa kijiji. Hati ya hakimiliki ya kimila inaruhusiwa kubeba majina ya mume na mke kwa pamoja. Ombeni iandikwe hivyo. Mwandikishe kwenye chama cha msingi naye awe mwanachama kamili. Kisha keti uandike wosia mbele ya mashahidi, uwataje mabinti zako kwa majina, na wazee wa ukoo uwasomee ungali hai, ili wenye la kusema wakuambie wewe, wasije wakamwambia yeye akiwa na masufuria mkononi.