Sakafu ya mbao ikiinuka, randa ingoje



Katika nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao, mvua za Desemba na Januari huleta ugomvi. Mbao zinainuka, na lawama inamwangukia mama: eti anamwaga maji mengi akiosha nyumba. Kisha seremala anaitwa, anapiga randa, analipwa, anakwenda zake. Naona hapo kuna makosa mawili.

Ubao wenyewe unasema maji yametoka wapi. Mbao hunywa maji na kupanuka kwa upana. Kwa urefu karibu hazibadiliki. Chini kukilowa, upande wa chini unapanuka kuliko wa juu, na kingo zinanyanyuka, ubao unakuwa kama sahani. Juu kukilowa, katikati ndiko kunakovimba. Basi laza rula iliyonyooka kukata upana wa ubao. Kingo zikiwa juu, mara nyingi mama hana hatia. Tafuteni bomba linalovuja, tundu la hewa lililozibwa chini ya nyumba, au maji ya mvua ya paa yanayoangukia msingi.

Ubao huo ukipigwa randa kabla ya kukauka, unakatwa kingo zake. Ikifika Agosti, hewa kavu, kingo zinashuka na katikati kunabaki kama mgongo. Pesa zimepotea, na ubao umekuwa mwembamba.

Nyufa nyembamba za wakati wa kiangazi, zinazojifunga mvua ikirudi, ziacheni. Wengine wanazijaza mastiki, halafu mbao zikipanuka zinakosa nafasi.

Cha kuogopa ni pale panapobonyea. Chunguzeni hasa kando ya bafu na chini ya madirisha. Chomeka bisibisi: ikiingia bila nguvu, ubao umeoza, na pengine boriti ya chini pia. Kuvu wa kuozesha hawali mbao kavu. Wanahitaji unyevu wa kama 20 kwa mia au zaidi. Mchwa ni wajanja zaidi. Wanakula ndani na kuacha ngozi ya juu nzima, imepakwa nta, inang'aa. Gonga kwa mpini wa nyundo, usikilize kama ndani ni tupu, na utazame njia zao za udongo ukutani. Mahali pa namna hiyo mtoto asicheze, wala mtu asipite na sufuria ya maji ya moto, mpaka mbao zifunguliwe.

Siku ya randa na msasa ikifika, fundi avae kinyago na watoto watoke nje. Vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa kansa kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Mgodini tunadai vinyago. Nyumbani hakuna anayeviuliza.

Lakini kwanza mwandikieni mkubwa wa nyumba barua: chumba gani, tangu tarehe gani, na kama kilichoinuka ni kingo au katikati.