KIOO CHA UPEPO HAKIPIMWI OFISINI



Katika karatasi yetu iliyopita ndugu mmoja aliandika kuwashukuru wakubwa kwa vioo vya upepo tulivyofungiwa katika pikipiki za kukagulia njia. Akasema kwamba wale waliovifungua na kuvirudisha stoo ni watu wasio na shukrani, ukiwapa shubiri wao huchukua pima.

Mimi ni mmoja wa waliofungua. Nimo katika kazi ya njia mwaka wa kumi na mbili sasa, na miaka saba katika hiyo nimekuwa juu ya pikipiki. Nataka kumjibu ndugu yetu bila matusi, lakini pia bila kuficha neno.

Kwanza mtu asinifahamu vibaya. Sisemi kwamba kioo cha upepo ni pambo. Aliyetoka na pikipiki alfajiri upande wa Timboroa, karibu futi 9,000 juu ya bahari, ajua kwamba baridi ya huko haina mchezo. Na upepo hauongezeki kama watu wengi wanavyodhani. Ukitoka mwendo wa kilomita 30 kwa saa ukafika 60, mwendo umekuwa mara mbili, lakini nguvu ya upepo kifuani imekuwa mara nne. Vidole vikifa ganzi, mkono wachelewa kukamata breki, na kuchelewa kidogo ndiko kuanguka. Wengine wetu hutia magazeti au vipande vya boksi ndani ya koti. Je, hiyo ndiyo heshima ya mfanyakazi? Kioo kizuri chazuia upepo, vumbi, wadudu na mvua nyingi. Basi kwa neno hilo mimi na ndugu yetu tu kitu kimoja.

Tunapoachana ni hapa. Vioo vile vilinunuliwa vyote kwa kipimo kimoja, virefu, na hakuna hata mpandaji mmoja aliyeitwa kuulizwa. Pikipiki zetu ni za zamani na ni za namna mbalimbali: huyu ana Yamaha AG100, yule ana Honda CG125, na viti vyao na mikono yao si sawa. Watu wenyewe si sawa pia. Mmoja ni mrefu kama nguzo ya simu, mwingine ni mfupi kama mimi. Aliyeagiza vioo hivyo huja kazini kwa motokari yenye waipa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa nitasema yaliyonipata. Asubuhi moja ya Julai kulikuwa na ukungu na mvua ya rasharasha. Ukingo wa juu wa kioo ulikuja sawasawa na macho yangu. Kutazama kupitia kioo sikuweza, kwa kuwa kilijaa matone. Kutazama juu yake sikuweza, ila nisimame juu ya vikanyagio kama mtoto achunguliaye ukuta. Nilipokaribia mahali barabara inapokata reli, mkokoteni wa punda ukatokea mbele yangu. Nilikata usukani kwa haraka, na waya ya mafuta ikabanwa na chuma cha kushikia kioo. Ikavutika, injini ikanguruma yenyewe, na mimi nikatupwa mtaroni. Namshukuru Mungu nilipata goti tu. Lakini taarifa iliandikwa kwamba mpandaji hakuwa mwangalifu, na fedha za taa iliyovunjika zikakatwa katika mshahara wangu. Ndugu yetu ataka nitoe shukrani kwa lipi katika hayo?

Shuleni kwa wamisheni tulifundishwa habari za Daudi alipovikwa mavazi ya vita ya mfalme Sauli. Yalikuwa mavazi mazuri, lakini hayakuwa ya kipimo chake. Akayavua. Hakuna aliyemwita Daudi mtu asiye na shukrani.

Watu huuliza: basi kioo chema ni kipi? Hapa nitaeleza yale ambayo mimi na wenzangu wawili tumejifunza kwa jasho letu, ili kila mtu aweze kumjibu mkubwa wake.

Urefu. Panda pikipiki yako, vaa buti na helmeti, kaa kama ukaavyo safarini wala usijinyoshe. Mwenzako ashike kipande cha boksi mahali kioo kitakapokaa. Ukingo wa juu uwe usawa wa ncha ya pua au mdomo, hata macho yako yaone barabara juu ya ukingo na si kupitia kioo. Usiogope kwamba ni kifupi. Upepo ukigonga kioo kilicholala kidogo nyuma huruka juu, na mwingi wake hupita juu ya kichwa. Ile boksi haina gharama, na ndiyo kipimo chako. Vioo vingi vya plastiki vyaweza kukatwa kwa msumeno wa meno madogo, huku mstari umebandikwa utepe, kisha ukingo ukalainishwa kwa msasa. Sisi tuliomba ruhusa ya kukata, tukajibiwa kwamba ni mali ya ofisi. Na shingo zetu ni mali ya nani?

Plastiki. Zipo mbili zinazojulikana sana. Akriliki ni safi kwa macho na haichubuki upesi, lakini ikipigwa na jiwe huweza kupasuka vipande vyenye ncha. Polikaboneti ni ngumu sana kupasuka, ila yachubuka kwa urahisi isipopakwa ganda la kuilinda, na petroli huiharibu. Kwa njia zetu za kokoto mimi nachagua polikaboneti.

Vishikio. Pima unene wa bomba la usukani kabla ya kununua. Pikipiki nyingi za Kijapani za namna yetu zina bomba la milimita 22, na nyingine ulimwenguni zina inchi moja, yaani zaidi ya milimita 25. Kishikio cha inchi kikifungwa juu ya bomba la 22 kitateleza, hata ukikaza spana mpaka mkono uume. Vyetu ndivyo vilivyokuwa, na fundi akajaza vipande vya mpira wa tairi.

Kufunga. Pikipiki ya zamani ichunguzwe kwanza. Kama beringi za usukani zimelegea, kioo kitaongeza mtikisiko, kwa sababu kimefungwa juu ya usukani na upepo sasa unausukuma. Tia washa za raba pande zote mbili za plastiki, kaza nati zote kwa vidole, kisha kidogo kidogo kwa spana, huku na huku. Usikaze kwa hasira. Ufa huanzia penye tundu la bolti. Kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, na mpaka mwisho kulia, injini ikiwa inanguruma polepole. Sauti ikipanda, jua kwamba waya ya mafuta imebanwa. Tazama pia waya ya klachi, breki ya mkono, na mwanga wa taa. Laiti mtu angalitumia dakika moja kunijaribia haya, nisingalilala mtaroni.

Kurekebisha. Nenda barabara tupu, kwanza kilomita 40, kisha 60. Kama kichwa chatikiswa na upepo wavuma masikioni, laza kioo nyuma kidogo, au kishushe, au acha nafasi chini yake hewa ipite. Badili jambo moja tu kila safari, ndipo utajua lililosaidia. Usukani ukianza kutetemeka, punguza mwendo polepole na usiendelee na safari mpaka sababu ijulikane. Na ukipishana na lori, au upepo ukija kwa ubavu, shika imara, maana kioo ni tanga.

Kusafisha. Mwagia maji mengi kwanza matope yalainike, kisha sabuni kidogo na kitambaa laini cha pamba. Kitambaa kikavu juu ya vumbi ni msasa. Usitumie petroli wala mafuta ya taa. Kioo kilichochubuka, jua la asubuhi likikipiga mbele, hugeuka kuwa pazia jeupe.

Najua watakaosema kwamba wazee wetu walipanda pikipiki bila kioo na hawakulalamika. Wazee walifanya mengi kwa sababu hawakuwa na wa kuwasemea. Chama chatusemea nini kama kila taabu ya jana ni lazima iwe taabu ya leo? Wengine watasema ni gharama. Lakini kioo kirefu na kioo cha kipimo hugharimu karibu sawa. Kilichokosekana ni swali moja tu kwa mpandaji na futi ya fundi cherehani.

Tena sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yaweka juu ya mwajiri wajibu wa kulinda usalama, afya na hali njema ya wafanyakazi wake kazini. Nasi yatutaka tujitunze wenyewe. Mimi nilipokifungua kioo kisichonifaa nilijitunza.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa tawi walete haya mezani:

1. Kila mpandaji apimwe juu ya pikipiki yake kabla ya kioo kununuliwa.
2. Vishikio viwe vya kipimo cha bomba, na usukani ukaguliwe kwanza.
3. Kila mtu apewe saa za kazi, zenye malipo, za kufunga na kujaribu.
4. Kioo kilichochubuka au kupasuka kibadilishwe bila kukatwa mshahara.
5. Waliokatwa fedha kwa ajali za vioo hivi warudishiwe.

Ndugu yetu aliyeandika shukrani simchukii. Yeye ni mrefu, na kioo kilimkaa vema. Lakini chama si cha warefu peke yao. Naomba siku moja apande pikipiki yangu alfajiri, akiwa amekaa chini kama mimi, na rasharasha ikinyesha. Akirudi salama aandike tena, nami nitasoma.

Wenu katika umoja,
Mkaguzi wa Njia